Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kazi ya Katibu Muhtasi katika Kituo cha Anga

Majibu haya yanahusu makatibu muhtasi wa NASA, shirika la anga la Marekani, hasa wa kituo cha Houston, Texas, ambako wanaanga hufundishwa na safari zao huongozwa. Maswali ya msingi yako mwanzo, na yale ya pekee yako mwisho. Palipo na jambo lililokwisha elezwa, nimeelekeza kwenye jibu lake.

## Mambo ya msingi

Katibu muhtasi anafanya nini mahali pa kurushia roketi?

Vituo vingi vya anga havirushi roketi kabisa. Roketi za wanaanga huondokea Florida, hasa kwenye Kituo cha Kennedy. Houston ndiko kwenye chumba cha kuongozea safari, na Huntsville, Alabama, ndiko roketi za Saturn, zilizowapeleka watu Mwezini, zilikobuniwa chini ya mhandisi Wernher von Braun. Lakini kote huko kuna ofisi, na ofisi ni simu, mikutano, barua, ratiba na sahihi za wakubwa.

Katibu hushika kalenda ya mkuu wake, hupokea wageni na simu, huandaa barua, huandika kumbukumbu za mikutano, hujaza mahudhurio ya wafanyakazi, hupanga safari na hutunza majalada. Hiyo ndiyo orodha utakayoikuta kwenye tangazo la kazi. Kiini chake hakiandikwi kwenye tangazo: katibu ndiye anayejua kila jambo liko mezani kwa nani leo. Mhandisi anaweza kujua kila kitu kuhusu injini yake na bado asijue kwa nini idhini ya kuijaribu haijatoka. Katibu anajua kwamba karatasi imelala siku tatu ghorofa ya juu, inasubiri sahihi ya mtu aliyesafiri, na anajua nani amekaimu nafasi yake.

Je, ni lazima ajue sayansi?

Hapana, lakini lazima ajue msamiati wake. Vifupisho vya NASA ni lugha nzima, na hata ofisi zina herufi zao: huko Houston, barua yenye alama CB inakwenda ofisi ya wanaanga, na yenye AA kwa mkurugenzi wa kituo. Katibu mgeni hujifunza hayo kwanza.

Lazima pia azoee hesabu za saa. Wakati wa baridi, saa mbili asubuhi Houston ni saa kumi na moja jioni Moscow. Wakati wa kiangazi, Wamarekani wakisogeza saa zao mbele na Warusi wakabaki walipo, tofauti hupungua kutoka saa tisa hadi nane. Kituo cha Anga cha Kimataifa kinaendeshwa kwa ushirikiano wa pande hizo mbili na nyingine, kwa hiyo anayepanga mikutano yake akisahau wiki moja tu ya mabadiliko hayo, watu ishirini watakaa mbele ya skrini wakiwasubiri wenzao.

Makatibu walikuwapo tangu mwanzo, au waliletwa shirika lilipokuwa kubwa?

Tangu mwanzo. NASA ilifungua milango tarehe 1 Oktoba 1958. Mwezi uliofuata, Robert Gilruth alipounda kikosi cha kumpeleka binadamu angani huko Langley, Virginia, orodha ya kwanza ya majina aliyoomba ahamishiwe ilikuwa na makatibu pamoja na wahandisi. Aliona mapema kwamba hakuna mradi bila mtu wa kuuandika.

Septemba 1961 ilitangazwa kwamba kikosi hicho kingehamia Houston. Eneo lenyewe lilikuwa bado malisho ya ng'ombe, na kwa miaka ya kwanza watu walifanya kazi katika majengo ya kupanga yaliyotawanyika mjini. Hebu fikiria kazi ya kutunza majalada wakati ofisi zako ziko mitaa tofauti na faili linasafiri kwa gari.

Kuna tofauti gani kati yao na wale wanawake walioitwa "kompyuta"?

"Kompyuta" walikuwa wanahisabati. Walipiga hesabu za njia za ndege na vyombo vya anga kwa mkono na kwa mashine za kujumlisha. Katherine Johnson na Dorothy Vaughan wa Langley ndio wanaojulikana zaidi. Makatibu walishika maneno, ratiba na kumbukumbu. Watu huwachanganya kwa sababu makundi yote mawili yalikuwa ya wanawake karibu wote, na kwa sababu kwa muda mrefu hakuna aliyewauliza habari zao.

## Kuingia kazini

Ni lazima niwe raia wa Marekani?

Kwa ajira ya moja kwa moja ya NASA, kwa kawaida ndiyo, kwa sababu mtumishi wa NASA ni mtumishi wa serikali kuu. Lakini vituo hivi vimejaa wafanyakazi wa makampuni ya mikataba, na leo kazi nyingi za ofisi ziko huko. Kampuni huweza kumwajiri mkazi wa kudumu asiye raia, na sheria za kudhibiti teknolojia za kijeshi humhesabu mkazi huyo sawa na raia. Soma mkataba kabla ya kusaini: wewe wa kampuni na mtumishi wa NASA mtakaa chumba kimoja na kufanya kazi moja, lakini haki zenu hazilingani. Tazama swali la serikali kufungwa.

Kuna mtihani? Kasi gani inatakiwa?

Kipimo cha serikali kuu kwa wapiga chapa ni maneno 40 kwa dakika, makosa yakihesabiwa. Kwa kazi ya hati mkato, yaani kuandika kwa alama fupi mtu anapozungumza, kilikuwa maneno 80 kwa dakika, na kwa madaraja ya juu 120. Wamarekani wengi walitumia hati mkato ya Gregg, ambayo herufi zake ni mikunjo na vitanzi, na unene wa wino hauna maana yoyote.

Maneno 120 kwa dakika si mchezo. Mkuu anazungumza, anatembea, anarudi nyuma kusahihisha sentensi iliyopita, simu inalia katikati, na mwisho wa yote anatarajia barua moja safi. Leo hati mkato haitakiwi tena. Maombi hupita kwenye tovuti ya ajira ya serikali, na kinachoangaliwa ni uzoefu, programu unazozimudu na uwezo wa kuandika.

Kuna upekuzi wa historia yangu?

Upo kwa kila anayepewa kitambulisho cha kuingia kituoni. Kiwango chake hutegemea ofisi. Katibu wa mkurugenzi hupita kwenye macho mengi kuliko katibu wa ofisi ya vifaa, kwa sababu anaona mambo ya watu kabla wenyewe hawajayajua: nani anahamishwa, nani ameomba likizo ya ugonjwa, nani atatajwa kwenye kikosi cha safari ijayo. Kuchunga ulimi ni sehemu ya ajira.

## Kazi yenyewe

Zamani walipigaje chapa hesabu zenye alama za Kigiriki?

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake linaonyesha ufundi ambao haukuitwa ufundi.

Mwanzoni waliacha nafasi tupu kwenye ukurasa, kisha alama zikachorwa kwa kalamu ya wino. Mwaka 1961 IBM ilitoa taipureta ya Selectric. Badala ya vijiti vya herufi ilikuwa na mpira mdogo wenye herufi 88 juu yake, unaozunguka na kugonga karatasi. Mpira huo hutoka. Kwa hiyo katibu alipiga sentensi ya kawaida, akafika kwenye mlinganyo, akasimamisha mashine, akafungua kifuniko, akatoa mpira wa herufi, akaweka wa alama, akapiga *sigma* moja, akarudisha ule wa kwanza. Kipeo kilitaka karatasi ishushwe nusu mstari. Namba ya chini ilitaka ipandishwe nusu mstari. Mlinganyo mmoja mrefu ungeweza kuchukua muda kuliko ukurasa mzima wa maneno.

Sasa weka chini ya karatasi hiyo nakala nne, kila moja na kaboni yake. Kosa moja la herufi lina maana ya kufuta mara tano. Kabla ya kufuta nakala ya juu, unachomeka kipande cha karatasi nyuma yake ili mkono wako usichafue iliyo chini. Unafuta, unakihamisha, unafuta tena, mpaka ya mwisho. Kisha unapiga herufi sahihi mahali palepale na kuomba isionekane imehama. Selectric yenye utepe wake wa kufutia ilikuja 1973, baada ya binadamu wa mwisho wa Apollo, mpango wa kupeleka watu Mwezini, kuondoka huko.

Kumbuka pia kwamba katibu hakuwa akielewa kila mlinganyo aliouandika. Aliufuata kwa jicho, alama kwa alama, na wengi walipata jicho la kuona kwamba ukurasa wa 12 haufanani na wa 9, wakamrudishia mhandisi na kumuuliza.

Herufi ndogo zilizo chini ya barua za zamani ni za nini?

Ukitazama barua ya ofisi ya Marekani ya miaka ile, chini kushoto, baada ya sahihi, utaona herufi kubwa, nukta mbili (:) au mkwaju (/), kisha herufi ndogo mbili au tatu. Kubwa ni za aliyeitoa barua kwa imla. Ndogo ni za aliyeipiga chapa. Zilisaidia kujua arudishiwe nani likitokea kosa.

Kwangu mimi zina uzito zaidi ya huo. Katika maelfu ya kurasa za mpango wa Apollo, mara nyingi herufi hizo ndogo ndizo alama pekee iliyobaki ya mtu aliyekaa mbele ya mashine. Tazama pia swali la mwisho.

Ni kweli wanaanga walijaza fomu za safari kama watumishi wengine?

Kweli kabisa. Wanaanga walikuwa watumishi wa serikali au wanajeshi, na safari ya kikazi ina fomu. Mwaka 2015 mwanaanga Buzz Aldrin aliionyesha hadharani hati yake ya madai ya safari ya Apollo 11, ya kwanza kushusha watu Mwezini. Njia imeandikwa kituo kwa kituo: kutoka Houston hadi Cape Kennedy, Mwezini, Bahari ya Pasifiki, Hawaii, na kurudi Houston. Alichodai ni dola 33.31. Ipo pia fomu ya forodha ya Honolulu ya tarehe 24 Julai 1969, yenye sahihi za Armstrong, Aldrin na Collins: mahali pa kuondokea, Mwezini, mzigo, sampuli za mawe na vumbi la Mwezi.

Watu hucheka wakiziona. Mimi naziangalia kwa heshima, kwa sababu fomu zile hazikuwa zimetengenezwa kwa safari hiyo. Mtu alipaswa kuzipa njia iliyotoka duniani, akaifuatisha safu kwa safu bila kuruka kituo, kama ambavyo angefanya mhandisi akitumwa Dallas kwa siku mbili.

Siku ya kurusha, katibu anakuwa wapi?

Wengi wanakuwa mezani kwao, kwa sababu siku hiyo simu hazinyamazi: familia, wageni wa heshima, waandishi, ofisi za wabunge. Wachache walio karibu na kikosi wanakuwa Florida. Asubuhi ya tarehe 18 Mei 1969, kikosi cha Apollo 10 kilipokuwa kikitembea kwenda kwenye chombo, katibu wa wanaanga alisimama korido amekumbatia mwanasesere mkubwa wa Snoopy, mbwa wa katuni, ambaye jina lake ndilo lililopewa chombo chao cha kushukia Mwezini. Tom Stafford, akiwa amevaa suti kamili ya anga, alinyoosha mkono wenye glavu akamgusa mbwa yule pua. Picha ipo. Mtazame Stafford, kisha mtazame aliyemshika mbwa: ndiye aliyepanga siku za watu hawa kwa miezi, na sasa hakuna kilichobaki cha kupanga.

Ajali ikitokea, kazi yake inakuwa nini?

Inakuwa nzito kuliko siku yoyote. NASA imepoteza vikosi vitatu: Apollo 1 iliyoungua ikiwa bado kwenye jukwaa tarehe 27 Januari 1967, chombo cha Challenger tarehe 28 Januari 1986, na chombo cha Columbia tarehe 1 Februari 2003. Jumla ni watu 17.

Jambo la kwanza ni kuzuia kumbukumbu zisiguswe. Siku ya Columbia kiongozi wa safari aliamuru milango ya chumba cha kuongozea ifungwe, na watu wakahifadhi kila walichokuwa nacho. Agizo la namna hiyo likifika maofisini, katibu ndiye anayejua majalada yote yako wapi, nani ana nakala na ipi ilitolewa nje wiki iliyopita. Haruhusiwi kupanga upya, kusahihisha wala kutupa, hata kikaratasi cha ujumbe wa simu.

Baadaye zinakuja barua za rambirambi, nyingi za watoto, na zinahitaji majibu. Na katika ofisi ya wanaanga, waliokufa si majina ya kwenye habari. Juzi walipita mezani wakaulizia barua zao. Kalenda bado ina mikutano yao, na ni mkono wa katibu unaoifuta mmoja mmoja.

## Mshahara, kupanda na kushuka

Mshahara unapangwaje?

Kwa jedwali la serikali kuu lililowekwa na sheria ya 1949. Leo lina madaraja 15, kila moja na ngazi 10. Ukifanya kazi kwa kuridhisha, ngazi tatu za kwanza unazipanda kila baada ya wiki 52, tatu zinazofuata kila wiki 104, na za mwisho kila wiki 156. Juu yake huongezwa nyongeza ya eneo, kwa kuwa maisha ya mji mmoja si ya mwingine.

Makatibu hukaa sehemu ya chini na ya kati ya jedwali. Lililowaumiza wengi ni kwamba daraja la katibu lilifuata kwa sehemu uzito wa ofisi ya bosi wake. Bosi akipanda, ungeweza kupanda naye. Ukiwa hodari chini ya bosi asiyepanda, uhodari wako haukuonekana kwenye hundi. Naona huo ni udhaifu mkubwa wa mfumo ule.

Naweza kutoka ukatibu nikawa kitu kingine?

Ndiyo, na wengi walifanya hivyo. Njia za kawaida ni kuwa ofisa utumishi, mchambuzi wa bajeti, mtaalamu wa mikataba au ofisa wa habari. Katibu aliyeandika kumbukumbu za mikutano ya bajeti kwa miaka mitano anaijua bajeti. Anachokosa ni cheti. Chuo Kikuu cha Houston–Clear Lake kilipofunguliwa 1974, jirani kabisa na kituo, watumishi waliweza kusoma wakiendelea na kazi.

Sheria nazo zilifungua milango polepole. Amri ya rais ya 1967 ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika ajira ya serikali kuu, na sheria ya 1972 ikawapa watumishi hao haki ya kwenda mahakamani. Kabla ya hapo mwanamke aliyeomba nafasi ya juu angeweza kuambiwa wazi kwamba nafasi hiyo ni ya mwanamume.

Ni kweli wengi walipoteza kazi baada ya Apollo?

Kweli. Kilele cha ajira kilikuwa katikati ya miaka ya 1960. Apollo ilikuwa na watu wapatao 400,000 ukijumlisha makampuni. Punguzo lilianza hata kabla Armstrong hajakanyaga Mwezi. Mwaka 1970 safari za mwisho zilifutwa, na Apollo 17 ya Desemba 1972 ikafunga ukurasa.

Kupunguzwa kulifuata taratibu. Aliyefutiwa nafasi, kama ana miaka mingi ya utumishi, angeweza kumsukuma mwenye miaka michache na kuchukua kiti chake, naye akamsukuma wa chini yake. Waliowahi kuwa jeshini walipewa kipaumbele, na katika miaka ile hao walikuwa wanaume karibu wote. Kwa hiyo uamuzi wa kufuta nafasi ya mhandisi mmoja ungeweza kuishia kwenye meza ya katibu kijana ambaye hakuwa na uhusiano wowote na ofisi hiyo.

Serikali ikifungwa kwa kukosa bajeti, analipwa?

Si wakati huo. Kufungwa kulikoanza Desemba 2018 kulidumu siku 35, na watumishi wengi wa NASA walikaa nyumbani bila mshahara. Sheria ya 2019 ilisema watumishi wa serikali walipwe malimbikizo serikali ikifunguliwa. Wafanyakazi wa makampuni ya mikataba hawamo.

## Maswali ya pekee

Kompyuta hazijaiua kazi hii?

Zimeua upigaji chapa. Wahandisi huandika barua zao wenyewe, na mahali palipokuwa na katibu kila kitengo sasa mmoja huhudumia kadhaa. Cheo nacho kimebadilika. Tangazo litasema msaidizi wa utawala. Zile zana zimekwenda, lakini kujua jambo liko kwa nani kunahitajika vilevile, na ofisi iliyomwondoa katibu wake hugundua ndani ya mwezi kwamba hakuna anayejua.

Naweza kubaki na nakala za barua nilizoandika?

Hapana. Kumbukumbu za kazi ni mali ya serikali kwa sheria ya 1950, na hazitupwi wala kubebwa nyumbani bila ratiba iliyoidhinishwa. Hii inahusu hata barua pepe.

Kuna tuzo ambayo katibu anaweza kupata?

Ipo ya Snoopy wa Fedha, iliyoanzishwa 1968. Ni pini ndogo iliyokwisha kusafiri angani, na mwanaanga huja mwenyewe kuitoa. Haikuwekwa kwa ajili ya wakubwa. Ni ya watumishi ambao kazi yao imechangia usalama wa safari. Kila mwaka huipata chini ya asilimia 1 ya wafanyakazi.

Bibi yangu alikuwa katibu wa NASA miaka ya 1960. Nitampataje kwenye kumbukumbu?

Anza na faili lake la utumishi. Mafaili ya waliokuwa watumishi wa serikali kuu hutunzwa na kituo cha taifa cha kumbukumbu za watumishi, na ndugu anaweza kuomba kwa kufuata masharti yao. Humo utakuta vyeo, madaraja na tarehe za kupandishwa. Kama alikuwa wa kampuni ya mikataba, faili haliko huko. Sikiliza pia masimulizi ya historia ya kituo cha Johnson, yaani hicho cha Houston, ambamo wamo makatibu wanaoeleza kazi yao kwa midomo yao.

Kisha tafuta jina la bosi wake. Barua nyingi za wakubwa wa NASA zimehifadhiwa kwenye nyaraka za umma. Fungua moja ya miaka aliyokuwa ofisini, shuka mpaka chini ya sahihi, upande wa kushoto, uangalie herufi ndogo. Kama ni za jina lake, hiyo barua ameiandika yeye.